Rudisha Rangi

Nalasi iko katika wilaya ya Tunduru, karibu na mwisho wa nchi, mahali ambapo mkoa wa Ruvuma unauegemea mto ulioupa jina na ng'ambo yake ikaanza Msumbiji. Na mahali hapo, baina ya mikorosho na maduka yenye madaftari marefu ya madeni, kipo kibanda cha mabati kinachoonyesha filamu kila usiku umeme ukiwapo, na wakati mwingine hata usipokuwapo, kwa jenereta inayokohoa nyuma ya ukuta kama mgonjwa wa pumu. Wenyeji hukiita kibanda umiza, kama vinavyoitwa vibanda vya namna hiyo kote nchini, kwa kuwa benchi lake laumiza na joto lake laumiza, walakini sijamwona aliyeumizwa akaacha kurudi kesho. Nilifika huko msimu wa korosho, fedha zi mkononi mwa watu, na mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini ya miti hata njia zikanuka utamu uliochacha. Nikaingia kibandani usiku mmoja pamoja na mwenyeji wangu, tukakaa benchi la tatu.

Filamu ilikuwa ya kwetu, ya mapenzi na urithi, yenye majumba ya Dar es Salaam ambayo hakuna kati yetu aliyepata kuvuka vizingiti vyake. Mke mdogo alikuwa ndiyo kwanza anafungua sanduku la marehemu, na watu wamenyamaza kama wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa, mtoto wa mwenye kibanda, aliyekuwa amesinzia mkekani chini ya runinga, alipojigeuza akailalia rimoti. Rangi zikatoka. Hazikufifia, zilitoka kwa mkupuo mmoja, kama maji yamwagwapo, na gauni jekundu la mke mdogo likawa la majivu, kuta za waridi zikawa saruji tupu, na bahari iliyoonekana dirishani ikawa moshi.

"Rudisha rangi!" nusu ya kibanda ikapaza sauti. Mwenye kibanda akaibonyeza rimoti huku na huku, akajikuta ameingia katika orodha ya maneno ambayo yote yalikuwa ya Kichina, na kadiri alivyozidi kubonyeza ndivyo runinga ilivyozidi kumjibu kwa lugha asiyoijua. Akaitwa mpwa wake, binti aliyesomea upigaji picha za filamu Bagamoyo na ambaye alikuwa amekuja likizo, akapiga magoti mbele ya kioo kuanza kubahatisha. Na katika muda huo wa kubahatisha, uliokuwa mrefu kuliko alivyotuahidi, mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akainua bakora yake kutoka benchi la mbele na kusema maneno yaliyouwasha mjadala. Nimeyaandika yaliyosemwa kwa kadiri nilivyoyakumbuka, nikiyanyoosha pale yalipopinda. Majina nimeyaacha, kwani Nalasi watu wanajuana.

MWALIMU: Iacheni hivyo hivyo! Mwanamke huyu nimemtazama katika filamu hii na nyinginezo tangu Ramadhani, na leo ndiyo mara ya kwanza namwona uso; siku zote nilikuwa nikilitazama gauni. Bani Israili walipoamriwa na Nabii Musa wachinje ng'ombe, lau wangalimchinja ng'ombe yeyote neno lingalikwisha. Wao wakauliza umri wake, wakauliza rangi yake, na kila walipouliza taabu ikawazidia, hata akatajwa ng'ombe wa manjano asiyepatikana ila kwa mashaka. Ndiyo hali ya sinema. Mwaka 1895, Wafaransa wale ndugu wawili walipowaonyesha watu wa Paris picha zinazokwenda, walikuwa na nuru na kivuli tu, na kwa nuru na kivuli watu wakastaajabu. Walioomba rangi ndio waliotuongezea gharama, na sioni kama walituongezea akili.

MWENYE KIBANDA: Mwalimu, heshima yako i palepale, lakini wewe unaingia humu bure kwa ajili ya umri wako, na wanaolipa ndio ninaopaswa kuwasikiliza. Siku ya Simba na Yanga watu hujaa humu hata wengine wakasimama nje wakitazama kupitia tundu la bati. Simba wekundu, Yanga kijani na manjano. Nikiiondoa rangi, jezi zote zinakuwa majivu yale yale, na mtu aliyetoa kiingilio chake atamshangilia adui kwa kipindi kizima asijue. Hawatanidai fedha. Watanivunjia runinga.

Kicheko kilichofuata kilimwamsha mtoto, naye akarudishwa kwa mama yake. Hoja hii ya mwenye kibanda naikubali mimi kwa nafsi yangu kuwa ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa usiku ule kwa upande wa rangi, ingawa aliyeitoa alidhani anazungumzia biashara. Ilimpa binti mlango wa kuingilia.

BINTI: Mjomba amelisema kwa mpira jambo ambalo sisi tulifundishwa kwa mchoro. Nyekundu na kijani, ukizipima kwa wingi wa nuru tu, zaweza kuwa sawasawa, na ndiyo maana mpiga picha wa zamani alibeba vioo vya rangi mfukoni: akiweka kioo chekundu mbele ya lenzi, mbingu ya samawati inatoka nyeusi kama ya kiama; akiweka cha kijani, majani yanang'aa na midomo inakolea. Basi hata hiyo nyeusi na nyeupe unayoisifu, Mwalimu, haikuwa shahidi mwadilifu. Filamu za kabla ya miaka ya 1920 kumalizika aghalabu hazikuiona nyekundu kabisa. Mwigizaji akipaka midomo rangi ya damu, midomo ilitoka kama imepakwa lami, na kwa sababu hiyo waigizaji walipakwa nyuso zao rangi za manjano na za kibuluu, wakaonekana mahali pa kazi kama maiti ili waonekane ukumbini kama watu. Na ngozi yetu, ambayo ndani yake mna wekundu mwingi kuliko watu wanavyodhani, filamu isiyoiona nyekundu iliitia weusi ambao Mungu hakuutia. Mtu asiniambie kuwa kabla ya rangi kulikuwa na ukweli.

MWALIMU: Sikusema ukweli, mjukuu wangu, nilisema uso. Lakini maadamu umeutaja ukweli, sikiliza kisa. Nilipokuwa Mtwara nikisomea ualimu, tulikwenda kutazama filamu ya Kihindi ambayo mkanda wake ulikuwa umezeeka kwa kuzungushwa mji kwa mji. Mbingu ilikuwa ya waridi, miti ya waridi, hata maziwa yaliyomiminwa bakulini yalikuwa ya waridi, nami nikaamini kwa miaka mingi kuwa India ni nchi ya machweo ya kutwa nzima. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kuwa rangi za mkanda ule zilikuwa zimekufa: ya samawati hutangulia kufa, na wekundu hubaki peke yake kama mjane. Picha ya nyeusi na nyeupe imeshikwa kwa chembe za madini ya fedha, na ikisafishwa vizuri na kuhifadhiwa haichujuki kama dawa za rangi. Picha ya arusi ya baba yangu ingali ukutani kwangu, na baba yangu angali amekunja uso vile vile.

BINTI: Hilo nalikiri. Mikanda ya rangi ya kampuni ya Kodak iliyotoka mwaka 1950 ilikuwa na fadhila ya urahisi, kwa kuwa rangi zote tatu zilikaa katika utepe mmoja. Zamani zake, ukitaka Technicolor, ulihitaji kamera kubwa kama sanduku la maiti, yenye tepe tatu zinazokwenda pamoja, na taa zenye joto la tanuri, na juu ya hayo kampuni yenyewe ilikuletea mshauri wa kukuambia nguo ipi ivaliwe na ukuta upi upakwe. Urahisi ukaja na kuchujuka. Lakini fikiri, Mwalimu: mshauri wa nguo na kuta! Watu walidhani rangi imeletwa ili sinema ifanane na dunia, kumbe tangu mwanzo ililetwa ili dunia ipangwe upya. Mwaka 1939, katika filamu ya Marekani iitwayo The Wizard of Oz, msichana anatoka katika nyumba ya rangi ya vumbi anaingia nchi ya ajabu yenye rangi zote, na miguuni ana viatu vya yakuti nyekundu. Katika kitabu viatu vile vilikuwa vya fedha. Waligeuza kwa sababu fedha haikuonyesha fahari ya Technicolor kama yakuti.

Hapo alisema mtu ambaye hatukumtarajia, dalali wa mawe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango ili apate upepo. Tunduru, kama wasomaji wengi wajuavyo, ilivamiwa na wachimbaji na wanunuzi katikati ya miaka ya 1990 baada ya vito kuonekana katika mito yake, na wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka wakafungua ofisi za kununulia mawe mjini; na tangu hapo hakuna kijiji cha wilaya ile kisichokuwa na mtu anayelitazama jiwe dogo kwa jicho moja huku la pili amelifumba.

DALALI: Mnabishana kuhusu rangi kana kwamba rangi imo ndani ya kitu. Mimi rangi ndiyo mkate wangu. Lipo jiwe liitwalo aleksandraiti, na hapa kwetu hupatikana, ingawa si kila siku. Mletee mnunuzi mchana, nje, penye jua: ni kijani, kijani ya majani ya mpera. Mletee lile lile usiku, kwa mshumaa au kwa taa ya globu ya zamani: ni jekundu kama juisi ya rosela. Jiwe ni moja, hakulibadili mtu. Jua limejaa ubuluu na taa ya globu imejaa wekundu, na jiwe lenyewe limekaa njia panda, likimfuata anayelivuta. Kijana aliyeanza kazi juzi huliona usiku, akalinunua kwa bei ya garneti, akaamka asubuhi akakuta mfukoni ana kitu kingine. Wengine huanguka kwa furaha, wengine kwa hasara. Basi nikiulizwa jiwe hili lina rangi gani, jibu langu huwa ni swali: kwa taa ipi?

BINTI: Dalali, laiti ungalikuja kutufundisha Bagamoyo! Ndivyo mikanda ya filamu ilivyouzwa, kwa namna mbili: ya kupigia juani na ya kupigia penye taa. Ukitia mkanda wa taa kamerani ukatoka nao nje bila kioo cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi, watu wote wanakuwa wa kibuluu kama waliotolewa majini. Ukitia wa juani ukapiga chumbani penye globu, wanakuwa kama waliopakwa manjano ya singo. Kamera za leo tunaziambia kwa kitufe: hapa nyeupe ni hii. Ndiyo kusema kila filamu ya rangi huanza kwa mtu kuamua nyeupe ni ipi, na ukishaiamua nyeupe, rangi zilizobaki zinakufuata.

Nililitafakari neno hilo muda mrefu baada ya usiku ule. Kwamba lazima pawepo mtu wa kuamua nyeupe ni ipi: hapo ndipo ulipo moyo wa jambo, na sikuwahi kulisikia likisemwa kwa maneno machache namna hiyo katika mihadhara ya watu wenye shahada. Lakini kibandani hakuna aliyenyamaza kulitafakari, kwa kuwa Mwalimu alikuwa ameshaiona njia ya kuliteka.

MWALIMU: Vema. Ikiwa rangi ni uamuzi wa mtu, na ya filamu za kigeni ni uamuzi wa mtu aliye mbali, basi hoja yangu imepata nguvu. Waangalieni wazee wetu. Rashidi Kawawa, mwana wa Songea, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mwigizaji wa sinema na mtu wa gari la sinema. Alicheza katika Muhogo Mchungu, kisa cha mshamba anayeingia Dar es Salaam akatapeliwa. Baba yangu aliitazama uwanjani, kwa kitambaa kilichotandazwa baina ya miti miwili, akaisimulia hadi alipokufa. Katika masimulizi yake yote hakutaja rangi hata mara moja. Alichotaja ni kwamba watu wale kitambaani walisema Kiswahili. Lugha ndiyo iliyokuwa rangi yao.

Palitokea manung'uniko ya kukubali, na nadhani mjadala ungaliishia hapo kwa ushindi wa Mwalimu, lau bibi mmoja muuza karanga, mwenye beseni lake miguuni, asingalijisafisha koo. Ni mwanamke ambaye wasichana wengi wa Nalasi wamepita mikononi mwake unyagoni, na anaposema watu humwitikia kabla hajamaliza.

BIBI: Mwalimu, baba yako alikuwa mwanamume. Lugha, lugha. Kisutu kina neno gani?

MWALIMU: Kisutu hakina jina, Bibi.

BIBI: Leso nyingine zina jina chini, na mwanamke akitaka kumsema jirani humnunulia leso yenye maneno. Kisutu hakina neno hata moja. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Na bibi arusi akitoka nacho, yupo asiyejua kinasema nini? Yapo na mengine ya rangi hizo tatu, lakini hayo hayasemwi penye wanaume na jenereta. Nunueni karanga.

BINTI: Bibi, Ambuje wetu, umemaliza!

MWALIMU: Hakumaliza, amenisaidia. Sarufi yenyewe iko pamoja nami. Katika Kiswahili zipo rangi tatu tu ambazo ni sifa kamili, zinazofuata ngeli: kitambaa cheusi, nguo nyeupe, shati jekundu. Nyingine zote ni za kuazima kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda lake, samawati ni mbingu za Waarabu, na damu ya mzee sitaki kujua aliipima nani. Lugha ya wahenga ilitosheka na chache.

BINTI: Na ya tatu yao, Mwalimu, ni nyekundu, nayo ndiyo uliyokuwa unaifukuza tangu tulipoanza! Ungaliniambia sinema ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, ningalisimama upande wako. Yupo aliyeifanya. Mwaka 1993 Steven Spielberg alitoa filamu ya mauaji ya Mayahudi, Schindler's List, karibu yote nyeusi na nyeupe, na ndani yake anapita mtoto mmoja wa kike mwenye koti jekundu. Koti hilo ukiliona mara ya pili hutalisahau. Karibu rangi moja tu ndani ya saa tatu.

Kuhusu filamu ile ningependa kuongeza kuwa wapo waliolilaumu koti lile kwa kuwa ni ujanja unaojionyesha, na mimi ni mmoja wao siku nyingine; usiku ule sikutaka kumkatiza binti, kwa kuwa alikuwa ameacha kubahatisha vitufe na kugeuka kututazama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

BINTI: Niacheni niseme lililonipeleka kuisomea kazi hii. Kodak walipouza mikanda ya rangi, maabara zilipewa picha ya kulinganishia, na kwa miaka mingi mtu wa picha ile alikuwa mwanamke wa Kizungu, ambaye mafundi walimwita Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi imekwisha. Mtu mweusi akikaa karibu na mweupe katika picha moja, mmoja alionekana na mwingine akabaki meno na macho. Profesa Lorna Roth wa Kanada, aliyewahoji watu wa Kodak, aliandika mwaka 2009 kwamba kampuni ilipoanza kuishughulikia kahawia katika mikanda yake, msukumo mmoja ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiki pichani. Si mama yako, Mjomba, wala mama yangu. Meza na peremende.

DALALI: Basi hata sisi tulikuwa mawe yaliyouzwa kwa taa ya mtu mwingine.

BINTI: Na ng'ambo hapo Msumbiji, wamepata uhuru mwaka 1975, Mfaransa Jean-Luc Godard alipoalikwa na serikali yao atazame namna ya kuanzisha runinga, inasimuliwa kuwa aliikataa mikanda ya Kodak, akisema ina ubaguzi wa rangi. Watu walimcheka. Siku hizi hawacheki.

MWALIMU: Msumbiji hao hao, mjukuu wangu! Ruy Guerra alipotoa filamu yake ya Mueda mwaka 1979, juu ya watu waliopigwa risasi na Wareno tarehe 16 Juni 1960, na wenyeji wenyewe wakiyaigiza yaliyowapata, aliipiga kwa nyeusi na nyeupe. Sisi tuliopokea wakimbizi wa vita vilivyofuata twajua kwa nini. Msiba hauna rangi.

BINTI: Msiba una rangi, Mwalimu, muulize Bibi. Ila nchi changa haikuwa na fedha. Magazeti yao ya sinema, Kuxa Kanema, yalikuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu ndiyo waliyoimudu. Uhitaji wao wameugeuza uzuri, nami nauheshimu. Lakini tusije tukauita uhitaji kuwa ni hekima. Ousmane Sembène wa Senegal alipiga La Noire de... mwaka 1966 bila rangi, na weusi wa yule mtumishi wa nyumbani juu ya kuta nyeupe za Wafaransa ukawa ndiyo hadithi yenyewe. Miaka miwili baadaye akapiga Mandabi kwa rangi, na nguo za watu wa Dakar zikajaa kioo chote. Ni mtu yule yule.

MWENYE KIBANDA: Mpwa wangu, watu wananidai filamu, na wewe unasomesha.

Ni lazima nimkatize mwenye kibanda, kwa kuwa lipo jambo ambalo hakuna aliyelitaja na ambalo kwa maoni yangu linampa binti haki kuliko mfano wowote alioutoa. Rangi ya sinema ilipofika Afrika Mashariki kwa kishindo, haikutufuata sisi. Mwaka 1950 Wamarekani walitoa King Solomon's Mines, waliyoipiga Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kwa Technicolor, nayo ikapata tuzo ya Oscar ya upigaji picha za rangi. Mwaka 1953 ikafuata Mogambo, na mwaka 1962 Hatari!, yenye faru na twiga wa nchi ya Arusha. Katika filamu zile simba ana manyoya ya dhahabu unayoweza kuyahesabu, na jua linazama kama limepimwa kwa mizani, ilhali mpagazi anayebeba mzigo nyuma ya bwana ni kivuli chenye fulana. Pundamilia alipigwa picha kwa uangalifu kuliko mtu. Na kwa kuwa nimemtaja pundamilia: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliopiga filamu ya rangi ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959, waliruka juu ya mbuga ile kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, nyeusi na nyeupe, na ndani ya ndege hiyo Michael akafa mwezi Januari mwaka ule. Sijui kitu kingine katika filamu ile chote kikaaye jichoni kama ile ndege isiyo na rangi.

Nisidhaniwe kuwa nasema rangi ni ya wageni. Unguja ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za bara hili, ilhali sisi wa Bara hatukuwa na runinga ya rangi wala ya majivu hadi mwaka 1994. Na walio vijana sasa hawaombi ruhusa. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Rafiki mwaka 2018, na ingawa filamu ile ilipigwa marufuku kwao kwa ajili ya kisa chake, hakuna awezaye kukana kuwa mitaa ya Nairobi haikupata kuonekana katika waridi na zambarau za namna ile, naye alisema wazi kuwa amechoshwa na Afrika ya vumbi na machozi. Amil Shivji aliitoa Vuta N'Kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto, na ndani yake usiku wa Unguja una kina, na nyuso zilizomo usikuni ni nyuso, si meno na macho. Hawa wameiamua nyeupe yao wenyewe.

Narudi kibandani. Binti alikwisha kuipata njia katika maneno ya Kichina, kwa kuzihesabu picha ndogo zilizo kando ya maneno, na mstari wa rangi ukatokea chini ya kioo: sufuri.

MWENYE KIBANDA: Weka mia. Siku zote huwa mia.

BINTI: Mia, Mjomba? Ndiyo maana kila mtu humu ana homa ya manjano. Ambuje, njoo ukae hapa karibu na kioo, nisaidie.

Bibi akaliacha beseni akaja, akaketi kwenye kigoda kando ya runinga, uso wake ukiwa bega kwa bega na uso wa mke mdogo aliyesimamishwa pale pale juu ya sanduku la marehemu. Balbu moja ilikuwa ikining'inia darini. Binti akaanza kupandisha: kumi, ishirini, na gauni likaanza kuwa na haya, thelathini, na kuta zikapata joto, thelathini na nane, akasita, akamtazama Bibi, akatazama kioo, akamtazama Bibi tena. Arobaini na moja. Akaiacha. Sijui niseme nini ila kwamba wanawake wale wawili, mmoja wa Nalasi na mmoja wa kioo, walikuwa wametoka katika udongo mmoja. Na kwa mara ya kwanza usiku ule niliona kuwa mwigizaji yule ana kovu dogo karibu na nyusi, na kwamba chini ya macho yake mna weusi laini wa mtu aliyekesha.

"Uso," akasema Mwalimu.

"Gauni limepauka," akasema mtu wa nyuma.

Filamu ikaendelea hadi mwisho katika arobaini na moja, na mke mdogo akaukosa urithi. Nilikaa Nalasi siku nne zaidi. Usiku wa mwisho nilipopita kibandani, mpira ulikuwa ukichezwa, rangi ilikuwa mia, majani ya uwanja yaliwaka kama chatu, na Mwalimu alikuwa benchi la mbele amevaa jezi ya Simba.